Kilometa na Kalori Zake Mia Nne

Nje ya duka la Nabintu, pale Soho Road, Handsworth, kuna benchi refu la mbao lililowahi kuwa la kanisa. Kanisa lilifungwa, likageuzwa nyumba za kupangisha, na Nabintu akaliomba benchi lisitupwe. Wanaume wanne walilibeba hadi ukutani kwake, kati ya duka la sari na kinyozi, hatua chache kutoka kituo cha basi, na tangu siku hiyo waumini wake ni wengine na ibada yake ni kahawa ya tangawizi. Jumamosi ile ya mwisho wa Oktoba ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara kama mtu asiyetaka kuamshwa. Mabasi yalijitokeza ndani yake polepole, taa kwanza, halafu namba, halafu basi lenyewe. Watu wa kijiwe walikaa wamekumbatia vikombe, wakiongea kwa sauti ya chini, kana kwamba mji mzima ulikuwa bado kitandani nao wameachiwa zamu ya kuulinda.

Omer alitokea ndani ya ukungu huohuo, koti mkononi, kijasho kikimtiririka. Kijiwe kilimwita Kilometa. Jina lake la zamani lilikuwa Gunia, nalo alilivua mwenyewe kwa miguu yake. Tangu Juni alikuwa akitoka Aston anakokaa, anafika kwenye bustani ya Handsworth, analizunguka ziwa mara tatu, kisha anamalizia benchini. Akitembea, mawazo yalimfanya asahau alipo. Mzunguko wa kwanza aliwaona mabata. Wa pili maji yalianza kufanana na ziwa la kwao Bukavu. Wa tatu alihisi mikono miwili midogo imemshika shingo na uzito mwepesi umelala mgongoni, kama mwaka ule wa vita alipombeba mdogo wake Jeannine siku tatu, mtoto wa miaka saba, akimwambia asilale na yeye mwenyewe akitembea amelala nusu.

Aliketi. Akaitazama saa ya mkononi aliyopewa na bintiye, halafu akaifungua simu.

– Mia nne na makumi tatu, – alisema.

– Mia nne nini? Umeokota? – aliuliza Gurnam, akijivuta kumpa nafasi.

Gurnam ni Singasinga wa Kisumu, ameendesha basi miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu, na kijiweni anaitwa Gia, kwa sababu hawezi kusimulia jambo bila kubadilisha gia njiani.

– Kalori. Njo zile nimechoma leo. Na sasa simu inaniambia: Omer, uko na ruhusa ya kula zingine mia nne na makumi tatu.

– Simu imekupa ruhusa?

– Imeandika kabisa. Na rangi ya majani.

Nabintu alikuwa ameshatoka dukani na birika na sahani ya maandazi. Huyu naye ni wa Bukavu, na kijiwe kilimpa cheo cha Waziri, maana hakuna kinacholiwa pale bila idhini yake. Aliweka maandazi mawili mbele ya Omer kama kila siku.

– Ruhusa ya simu na ya Waziri zimekutana, – alisema. – Kula, papa.

Omer aliyatazama yale maandazi. Yalikuwa ya moto, yenye iliki, na moshi wake mwembamba ulikwenda kuchanganyika na ukungu. Hakuyagusa.

– Nina shida, – alisema. – Wiki tatu sasa sipungui. Kilo makumi kenda na mbili. Jana makumi kenda na mbili. Leo asubuhi makumi kenda na mbili. Natembea kama muntu mwenye wazimu, mzani umekufa.

– Na kila ukitembea unakula hizo mbili? – aliuliza Gurnam.

– Nakula zile nimechoma tu! Sizidishi hata moja.

Hapo ndipo mjadala ulipozaliwa.

Wenzake hawakujua kwa nini Omer alitaka kupungua. Wengine walidhani ni magoti. Nabintu alidhani kuna mwanamke. Ukweli alikuwa nao Omer peke yake. Figo za Jeannine zilikuwa zimekufa miaka miwili iliyopita, naye akawa mtu wa mashine ya kusafisha damu, mara tatu kwa wiki. Dada mmoja wa kanisani alipojitolea kumpa figo yake, Jeannine alikataa mbele ya watu: hataki mtu akatwe kwa ajili yake. Mwezi wa sita Omer alipiga simu hospitali kwa siri. Nesi aliyepokea alimuuliza umri, urefu, uzito, akamwambia kwa upole: shuka chini ya kilo tisini kwanza, halafu tutaanza vipimo, na kabla ya hapo zungumza na dada yako. La kwanza Omer alilishika. La pili aliliacha likalala. Aliogopa kumpa mdogo wake tumaini kisha mzani uje kumpokonya. Kutoka kilo mia na tatu alikuwa ameshuka hadi tisini na mbili, na Jumanne ijayo alitakiwa aende kupimwa.

– Sikiza, – alianza Gurnam. – Hiyo saa ni muongo. Nakuambia kitu nimeona na macho yangu. Juzi msichana wangu alinipa yake nivae. Nikaenda gurdwara, hekalu letu, zamu yangu jikoni. Nikasukuma chapati masaa mawili nimesimama pale pale, sijatoa mguu. Kutoka hapo saa inaniambia hongera, umetembea maili nne!

– Maili nne za chapati, – alisema Nabintu.

– Haijui miguu. Inajua mkono. Huyu Kilometa akitembea anapunga watu mkono njia nzima, shikamoo huku, bonjour kule. Saa inaandika tu. Labda amechoma mia mbili, hizo zingine ni salamu.

Omer alicheka, lakini mkono wake ulikwenda wenyewe kuifunika ile saa.

– Hata kama ni mia mbili, – alisema Ahmada kutoka mwisho wa benchi, – hazirudishwi. Maji yakimwagika hayazoleki, jamani. Amezimwaga bustanini, azizoe kwa ajili gani?

Ahmada ni Mngazija aliyekulia Unguja. Kazi yake ni kuwatafsiria watu kwa simu, mahospitalini na mahakamani, siku nzima amevaa vipokea sauti vya masikioni, akisema maneno ya wengine. Ndiyo maana akipata nafasi ya kusema yake mwenyewe huyasema yote. Wanamwita Tafsiri.

– Methali ile si ya kalori, – alisema Nabintu.

– Methali ni ya kila kitu. Ila sikilizeni, shida ya Kilometa si saa. Ni lugha. Mwili nao una mkalimani wake. Miguu inasema: natembea kwa afya. Mkalimani anaipelekea habari tumbo, lakini tumbo hilo limetoka vitani, halijui neno mazoezi. Linasikia: tunakimbia tena! Basi linafunga milango, linaficha akiba. Unaliletea andazi, linaliweka ghalani. Wallahi, nimeyaona haya kazini. Unasema neno moja, mtu anasikia nchi nzima.

Omer aliuhisi tena ule uzito mwepesi mgongoni, akageuka kidogo kama anayetaka kuhakikisha kwamba hakuna mtu.

– Sasa nilifanyie nini hilo tumbo? – aliuliza.

– Liambie kwa lugha yake. Na usile ndotoni.

– Ndotoni?

– Ndoto nazo zina kalori. Mimi nikiota biriani ya harusini naamka nimeshiba, mpaka saa nne sitaki chai. Shibe hiyo imetoka wapi? Haiwezi kutoka hewani. Kilometa, jana uliota nini?

Omer alifikiri.

– Fumbwa, yale majani ya kwetu, na samaki. Na mama yangu anaongeza mawese.

– Umeona! – Ahmada alipiga paja. – Mawese! Andika hapo mia nane.

– Na mimi nikiota nimepanda mlima? – aliuliza Nabintu.

– Umechoma.

– Basi wote tukalale, – alisema Gurnam. – Kilometa atapunguza bila viatu.

Walicheka taratibu, cheko la watu walio nusu usingizini. Kahawa ilizunguka. Upande wa pili wa barabara mwanamke mmoja alilikimbilia basi la 74, likamsubiri, akaingia anahema. Gurnam alimtazama kwa macho ya mtu aliyekumbuka jambo zito.

– Mnamwona huyo? Sasa niwaambie kitu sijawahi kumwambia mtu. Kalori haipotei. Mtu anakimbilia basi, anachoma hapo barabarani, anaingia akihema. Ile pumzi inaenda wapi? Inabaki ndani ya basi. Na nani amekaa pale mbele, ametulia, madirisha yamefungwa, miaka ishirini na sita? Mimi nilianza kazi nikiwa mwembamba kama fimbo ya biliadi. Hili tumbo si la chapati. Hili ni la abiria.

– Ya Rabi, – alinong'ona Ahmada, akimtazama kwa heshima mpya.

– Kwa hivyo Kilometa akizunguka ziwa mara tatu, mara ya pili anavuta zile za mara ya kwanza. Ndiyo sababu mzani haushuki! Zunguka mara moja, toka, enda upande mwingine.

– Ninyi munadanganya muntu wa watu, – alisema Nabintu, akimimina. – Kalori njo kitu gani? Kule kwetu nani alihesabu? Bibi yangu alikula ugali asubuhi, ugali jioni, na alikuwa mwembamba mpaka kaburi. Andazi haina kalori mpaka uihesabu. Ukishahesabu, voilà, imeamka.

– Bibi yako alibeba kuni akipanda mlima, – alisema Gurnam.

– Na alikula akirudi! Hakuuliza saa. Mchumia juani hulia kivulini. Huyu amechuma, aache ale.

– Juani? – alisema Omer, akiutazama ukungu. – Mama, mi sijaona jua tangu mwezi wa tisa.

– Na hiyo baridi nayo inakula. Toa mia moja ya baridi.

Omer alichukua andazi moja, akalishika bila kulipeleka mdomoni. Kilo mbili, alikuwa anawaza. Kilo mbili ni kitu gani? Ni mfuko mmoja wa unga. Na mdogo wake alikuwa upande wa pili wa mfuko huo, naye hana habari. Utani wa wenzake ulikuwa unamfikia kutoka mbali, kama redio ya jirani. Alitamani mmoja wao ajue jibu kweli.

– Kaka?

Aliinua macho. Jeannine alikuwa amesimama mbele yake, mfuko wa duka la sari mkononi, kitambaa cha bluu kichwani. Uso wake ulikuwa na rangi ile ya majivu ya siku za mashine.

– Jeannine! Unafanya nini huku?

– Nilileta gauni kwa fundi, amelipunguza. Nasubiri basi, saa sita lazima niwe kwa mashine. – Aliwatazama wengine kwa aibu kidogo. – Njo hapa unapotezaga asubuhi zako zote?

Omer aliwatambulisha: huyu ni mudogo yangu, anakaa Stechford. Gurnam alisimama akaweka mkono kifuani. Ahmada alisogea. Nabintu alimkalisha, akamjazia kikombe, naye Jeannine akakizuia kwa kiganja.

– Nusu, mama. Na nusu ya hiyo nusu. Mimi maji yangu yanapimwa.

– Basi wewe ndiye tunayekuhitaji, dada, – alisema Ahmada. – Wewe unajua vipimo. Tuamulie. Kaka yako ametembea, amechoma kalori mia nne. Je, azirudishe kwa kula, au aziache zilivyokwenda?

Jeannine alidhani wanamtania. Akawatazama mmoja mmoja, akaona wanangoja kweli. Akanywa tone moja la kahawa, akaliweka mdomoni muda mrefu kabla ya kulimeza.

– Mimi sijui mambo ya kalori, – alisema. – Ila mashine inanitoa maji litre mbili kila nikienda. Nakaa pale masaa ine kwa hizo litre mbili. Sasa nikitoka pale nikafika nyumbani, nikanywa litre mbili, nilienda kufanya nini?

Gurnam aliinama amsikie vizuri.

– Lakini, – aliendelea Jeannine, – nikitoka pale mdomo umekauka kama karatasi. Nikisema sinywi kabisa, jioni nitashindwa, nitakunywa kama ng'ombe. Basi nachukua kikombe kidogo, nakaa chini, nakunywa polepole. Mimi si jiwe. Kaka naye si jiwe. Akisikia njaa, ale kidogo. Ila aulize tumbo, asiulize saa.

Nabintu alisugua sahani kwa kona ya kanga yake, ingawa ilikuwa safi. Omer alilikata andazi vipande viwili, akala kimoja bila haraka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kuisikia ile iliki.

– Asante, mudogo yangu, – alisema.

– Lakini hujaniambia, – alisema Jeannine. – Hizo kilo unazitoa uende nazo wapi? Naona suruali imekuwa kubwa. Nilidhani unaumwa, nikaogopa kuuliza.

– Haiko ugonjwa.

– Basi ni nini?

Kijiwe kizima kilimgeukia. Hata hilo hawakuwahi kumuuliza. Miezi minne walikuwa wamezijadili kilo zake, saa yake na ndoto zake, wala hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Omer aliona kwamba angeweza kusema magoti. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini kulikuwa na ule uso wa majivu, na basi lingekuja wakati wowote kumchukua.

– Nilipiga simu kwa wale ba hospitali, – alisema, akiangalia viatu vyake. – Mwezi wa sita. Wakaniambia kilo makumi kenda, njo banaweza kuanza kunipima. Jumanne naenda kwa mzani wao. Niko na figo mbili, Jeannine. Moja ni ya wewe, kama itakubali.

Ndani ya duka la kinyozi mashine ya kunyolea ilinguruma, ikanyamaza. Nabintu alijifunika mdomo kwa mkono. Gurnam alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Jeannine hakulia wala hakugomba. Alikitazama kikombe chake, ambamo bado kulikuwa na kahawa ya kina cha kidole.

– Wewe ulinibeba tayari, – alisema kwa sauti ndogo. – Siku tatu. Nilikuwa nasikia unavyohema. Mpaka leo nikiwa kwa mashine, ile sauti inayofanya, nasikia kama ni wewe unahema.

– Ulikuwa mwepesi.

– Nilikuwa nakuua. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua.

Omer alitikisa kichwa. Alitaka kumwambia kwamba ni yeye, yule mtoto, aliyemshikilia asianguke. Kwamba bila ile mikono miwili shingoni angelala kando ya barabara kama wengine. Alimtazama Ahmada, mtu wa maneno, naye Ahmada alikuwa ameinamisha uso.

Taa mbili zilijitokeza ndani ya ukungu, halafu namba, saba na nne. Jeannine alisimama, akaokota mfuko wake. Alipiga hatua mbili kuelekea ukingo wa barabara, akageuka. Hakumwangalia Omer peke yake. Aliwaangalia wote wanne, mmoja baada ya mwingine, kama alivyowaangalia walipomwomba awaamulie.

– Na kama mimi sitaki? – aliuliza.

Nabintu aliinua birika ampe mtu kahawa, apate la kufanya, akaliona jepesi, akalishusha.

– Sijui, – alisema Omer. – Sijui, Jeannine. Mi nitaendelea kutembea tu.

Basi lilifika. Mlango ukafunguka kwa ule mvumo wake, dereva akawatazama, akangoja. Gurnam, kwa mazoea ya kazi, alimwonyesha kwa mkono: subiri kidogo. Dereva alisubiri kidogo. Jeannine alisimama kati ya mlango na benchi, mfuko umeshikwa kwa mikono miwili, ukungu ukimzunguka miguuni, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza kitu kilicho mbali sana.

Kisha mlango ukafungwa, na basi likaondoka bila yeye; lingine lingepita kabla ya saa sita. Jeannine alirudi, akasimama mbele ya kaka yake.

– Sogea, – alimwambia. – Nikae vizuri, uniambie hiyo Jumanne.